Kila Ndege kwa Ubawa Wake: Mapatano ya Kazi na Ubunifu wa Mfanyakazi

Maelezo haya yalitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wasimamizi wa idara, wafanyakazi na wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

   

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana kuwa la ofisini tu, lakini linamgusa kila mkazi anayepanga foleni ya leseni, anayempeleka mtoto kliniki au anayengoja taka zizolewe mtaani kwake. Swali ni hili: mfanyakazi akikubaliana na msimamizi wake afanye kazi kwa mpango unaomfaa yeye, ulio tofauti na wa wenzake, je, atakuwa mbunifu zaidi? Atakuja na njia mpya za kuifanya kazi, au atakuwa amejipatia raha yake tu?

Niseme mapema kwamba kazi yangu mimi ni habari. Si afisa wa rasilimali watu, na haya nisemayo si tangazo la sera mpya ya kaunti. Ni mazungumzo, ili msimamizi akiombwa jambo kama hili asikatae kwa woga, na mfanyakazi anayeomba ajue anaomba nini.

Mapatano gani haya?

Msomi anayejulikana sana katika jambo hili ni Denise Rousseau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Mwaka 2005 alitoa kitabu kizima kuhusu mapatano ambayo mfanyakazi mmoja mmoja hujadiliana na mwajiri wake. Kwa maelezo yake, mapatano hayo yana alama ambazo hata sisi tunaweza kuzitumia kuyapima. Mfanyakazi mwenyewe ameyajadili. Yanatofautiana na masharti ya wenzake. Na yanawafaa wote wawili, mfanyakazi na mwajiri. Yakimfaa mfanyakazi peke yake, hayo si mapatano tena. Hapa kwetu tuna neno lake, upendeleo.

Mapatano yenyewe ni ya namna mbalimbali. Kuna ya saa, kwamba fulani aingie saa nne badala ya saa mbili. Kuna ya mahali, kwamba siku mbili kwa wiki afanyie kazi ofisi ya kaunti ndogo iliyo karibu na kwake. Na kuna ya kazi yenyewe, kwamba apewe jukumu analoliweza zaidi, ajifunze ujuzi mpya, au aachiwe achague njia ya kufikia lengo alilopewa.

Naomba mzishike tofauti hizo, kwa sababu hoja yangu imejengwa juu yake. Saa na mahali humpa mtu pumzi. Ubunifu huja pale anapopewa pia sauti juu ya namna ya kuifanya kazi yake. Na yote hayo hayadumu kama wenzake hawajui mapatano yalifikiwa vipi.

Pumzi si jambo dogo kwetu

Sisi watu wa bara tunajua thamani ya pumzi. Karibu kila mtu anayefanya kazi kisiwani lazima avuke maji. Wa Likoni yuko kwenye feri, wa Kisauni yuko kwenye daraja la Nyali, wa Changamwe yuko Makupa. Watu wanaovuka kwa feri ya Likoni hukadiriwa kuwa zaidi ya laki tatu kwa siku, na wengi wao wanataka kuvuka katika saa zile zile mbili tatu za asubuhi na za jioni. Mtu ameamka saa kumi alfajiri, ameacha watoto hawajaamka, amebanwa ngazini, amesimama juani. Akifika kwenye dawati lake saa mbili tayari amefanya nusu ya kazi ya siku, na hajagusa faili hata moja.

Mtu aliyechoka hivyo hufanya lile analolijua. Hupiga muhuri, hujaza fomu, hungoja saa ifike. Kumwambia abuni kitu kipya ni kumwonea. Kwa hiyo anayeomba saa tofauti za kazi ili asivuke wakati wa msongamano hajaomba anasa.

Lakini pumzi pekee haitoshi, na historia ya mji huu inatuonyesha.

Kibarua na siku yake

Neno "kibarua" limetokana na barua. Kilikuwa ni kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku kuonyesha kwamba amefanya kazi na anastahili malipo. Kwa miaka mingi bandari ya Mombasa iliendeshwa na watu wa namna hiyo. Mwanahistoria Frederick Cooper aliandika habari zao kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu wafanyakazi wa bandari hii. Kibarua wa siku zile alikuwa na uhuru ambao karani wa leo angeuonea wivu. Alikwenda bandarini siku aliyotaka, akapumzika siku aliyotaka, na wengine walikuwa na mashamba yao ya kushughulikia siku wasizokwenda.

Wakubwa wa kikoloni hawakuupenda uhuru huo. Baada ya mgomo wa 1939, na ule mgomo mkuu wa Januari 1947 uliosimamisha mji kwa karibu siku kumi na mbili, serikali na kampuni za bandari zilianza kuwaandikisha wafanyakazi na kuwataka wafike kazini kwa siku zisizopungua idadi fulani. Uhuru wa kuchagua siku ukapungua. Badala yake kukaja kazi ya kudumu zaidi.

Mimi hapa naona mambo mawili. La kwanza ni kwamba kupanga siku yako mwenyewe si wazo lililoletwa na kompyuta. Wazee wetu walilijua na walilithamini. La pili ni kwamba kibarua yule alikuwa na mamlaka juu ya siku yake, lakini akishaingia bandarini hakuwa na sauti yoyote. Gunia lilibebwa kama serang'i alivyosema. Kama alikuwa na wazo la kupanga mizigo vizuri zaidi, hakukuwa na mtu wa kumsikiliza, na kesho yake huenda asingeitwa. Alikuwa na saa zake, kazi haikuwa yake.

Hali hiyo haijaisha. Hapa Changamwe, Mikindani na kwingineko bado wako vijana wanaosimama getini kila asubuhi wakingoja kuchaguliwa. Tukizungumza juu ya mapatano ya binafsi kazini, tusisahau kwamba mtu wa kibarua hana pa kuanzia mazungumzo. Nitarudi kwenye hilo.

Wachongaji wa Changamwe

Hapa hapa Changamwe, kwenye barabara ya Port Reitz, kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963. Wengi wenu mmepita hapo mkiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Ufundi huo kwa Wakamba unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alijifunza uchongaji wa vinyago huko Tanganyika, akarudi nao nyumbani. Kutoka kwake ukaenea, na wana wakajifunza kwa baba zao.

Utaratibu wa ushirika ule ni mfano mzuri wa kile tunachokizungumzia. Mchongaji ni mwanachama. Anapata mahali pa kukaa chini ya kibanda pamoja na wenzake, na soko la pamoja. Kazi ni yake. Anaanza saa anayotaka, anachonga mnyama anayemjua vizuri, na kinyago kikiingia dukani kinakuwa na nambari yake, ili kikiuzwa alipwe yeye. Ushirika unachukua sehemu yake kwa gharama za pamoja.

Hebu tuulize sasa: uhuru huo umezaa ubunifu? Jibu la kweli ni ndiyo na hapana. Mtalii akitaka twiga, na mwaka ujao akataka twiga, mchongaji mwenye uhuru wote wa saa atachonga twiga mia, wote wakifanana. Watoto wake wanahitaji karo, na twiga anauzika. Uhuru wa saa haukumzuia kurudia kazi ile ile.

Lakini ulipokuja wakati miti ya mpingo na muhugu ikawa adimu kwa sababu ya kukatwa mno, ilibidi wachongaji wabadilike. Kukaja mradi wa kuwahimiza watumie miti inayokua haraka na inayopandwa mashambani, mwarobaini, mwembe, mjakaranda. Mti mgeni una tabia yake. Mwarobaini hupasuka ukikauka vibaya, nyuzi zake hazifanani na za mpingo, rangi yake ni nyingine kabisa. Hapo hakuna agizo la ofisini linaloweza kumfundisha mtu. Kila fundi ilibidi ajue kwa mkono wake mwenyewe ni umbo gani linalokubali mti huo, aukaushe vipi, aupake nini. Mtu aliyezoea kuamua mwenyewe kuhusu kazi yake ana nafasi ya kujaribu, kuharibu kipande kimoja, na kujaribu tena. Na kwa kuwa wamekaa pamoja chini ya kibanda kimoja, alichokigundua mmoja jioni hiyo hiyo jirani yake amekwisha kukiona.

Bombolulu

Tuvuke twende upande wa pili. Bombolulu, kwenye barabara ya Malindi, katika sehemu iliyohesabiwa kuwa Kisauni kabla ya Nyali kupata eneo bunge lake, kuna karakana iliyoanzishwa mwaka 1969 na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini, APDK. Mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Wanatengeneza mapambo ya shingo na masikio, wanashona nguo, wanachonga mbao, wanafanya kazi za ngozi, na bidhaa zao zimeuzwa hadi ng'ambo.

Waajiri wengi huanza na kazi, kisha wakatafuta mtu wa kuenea ndani yake kama anayenunua nguo iliyokwisha kushonwa. Asipoenea, anarudishwa. Mahali kama Bombolulu hapawezi kuanza hivyo. Lazima paanze na mtu. Huyu mikono yake ina nguvu lakini hawezi kusimama, basi meza ishushwe. Yule anatumia mkono mmoja, basi kifaa kishikiliwe kwa namna nyingine. Kazi inapimwa kwa mwili wa mfanyakazi, kama fundi cherehani anavyompima mtu kabla ya kukata kitambaa.

Kwa miaka zaidi ya hamsini, mikono ambayo waajiri wengi waliiona haifai imetengeneza vitu vinavyonunuliwa kwa sababu ni vizuri. Mtu akija na huruma hununua mara moja. Anayerudi kununua tena amependa mkufu.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Karakana ile imeuchukua msemo huo na kuufanya kuwa mpango wa kazi.

Utafiti katika ofisi ya serikali

Huenda mtu akasema hayo ni ya mafundi, sisi tuko serikalini, serikali ina kanuni. Basi nitawapa mfano wa serikalini. Mwaka 2008 Rousseau pamoja na watafiti Severin Hornung na Jürgen Glaser walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 887 wa idara moja ya serikali nchini Ujerumani. Waliyatazama mapatano ya aina mbili. Ya kwanza yalihusu saa za kazi kuwa nyepesi. Ya pili yalihusu mtu kupewa nafasi ya kukua, yaani mafunzo, ujuzi na majukumu yanayomwendeleza.

Waliopata mapatano ya saa walikuwa na mvutano mdogo kati ya kazi na familia, na hawakufanya sana kazi ya ziada isiyolipwa. Hayo ni mema. Lakini mapatano hayo hayakuonekana kuhusiana na mapenzi yao kwa idara, wala na matarajio makubwa zaidi ya utendaji. Waliopata mapatano ya kukua ndio waliokuwa na moyo zaidi kwa idara yao na waliotarajiwa kufanya makubwa. Hata hivyo, hao hao ndio waliokuwa na mvutano zaidi nyumbani na saa nyingi zaidi za kazi isiyolipwa.

Utafiti huo haukupima ubunifu wenyewe, lakini ni onyo kwa pande zote mbili. Msimamizi anayetoa saa tu asishangae fikra mpya zisipokuja. Na anayempa mtu jukumu jipya la kusisimua bila kumpunguzia jingine atambebesha hadi achoke, na mtu aliyechoka tumekwisha kusema habari zake. Dawa ni kuviweka viwili pamoja, nafasi ya kukua na saa zinazobebeka. Hata Teresa Amabile wa Harvard, ambaye ameuchunguza ubunifu kazini kwa miongo kadhaa, anasisitiza kwamba watu hubuni zaidi wanaposukumwa na hamu ya kazi yenyewe. Hamu hiyo haiwezi kuamrishwa, lakini inaweza kuuawa kwa kumwamulia mtu kila kitu.

Huku kwetu itakuwaje?

Chukueni mfano wa karani wa leseni anayeishi Mtongwe. Simsemi mtu, ni mfano. Anaomba aingie saa nne na kutoka saa kumi na mbili jioni. Msimamizi akikubali hapo tu, karani atavuka feri kwa nafasi, na hilo ni jema. Lakini msimamizi anaweza kuongeza swali: katika saa hizo mbili za jioni, utamhudumia nani? Karani anaijua Likoni. Anajua kwamba mama wa mahamri na mbaazi yuko motoni mpaka saa tatu asubuhi, kisha analala kidogo, na ofisi za serikali zinafungwa kabla hajapata nafasi. Huenda akasema, "Bosi, nipe siku moja kwa wiki niweke meza huku huku Likoni jioni, wafanyabiashara wadogo walipie leseni bila kuvuka." Wazo hilo lingetoka wapi kama si kwa mtu anayeishi nao? Na angelisema vipi kama hakuna aliyemuuliza?

Tazameni wahudumu wa afya ya jamii. Kila mmoja ana nyumba zake, takriban mia moja kwa mpango wa taifa. Ukimwamrisha azitembelee kati ya saa mbili na saa kumi, katika mitaa ambayo watu wazima wameondoka alfajiri, atakuta milango imefungwa na mtoto mkubwa akimlea mdogo. Ukimwachia apange ziara zake, yeye anajua nyumba ya nani aende Jumamosi na ya nani aende baada ya swala ya magharibi.

Na mfagiaji wa barabara? Wengi hudhani mapatano ni ya watu wa kompyuta. Mfagiaji hawezi kufanyia kazi nyumbani, ni kweli. Lakini anajua kuliko yeyote ni kona ipi hujaa baada ya soko kufungwa na mtaro upi ndio huziba mvua za masika zikianza. Mpe sauti juu ya njia atakayoanza nayo na ile atakayomalizia, na umempa mapatano ya kazi.

Muuguzi ni vigumu zaidi, na tuseme ukweli. Zamu haiwezi kuachwa tupu. Mama mwenye uchungu wa kujifungua hawezi kungoja mapatano ya mtu. Hapo mazungumzo lazima yafanyike na kundi zima la zamu, kwa sababu saa anayoiacha mmoja lazima ishikwe na mwingine.

Wenzake watasema nini?

Hapo ndipo mambo mengi huharibika. Mmoja anaingia saa nne, mwingine amehimizwa saa mbili, na hakuna aliyeelezwa chochote. Minong'ono huanza. "Ni wa kabila lake." "Anamjua MCA." Baada ya wiki chache, mtu aliyepewa nafasi ya kubuni hapati mwenzake wa kushirikiana naye, kwa sababu kila wazo analoleta linaonekana ni la mtoto wa bosi. Wazo jipya linahitaji mikono ya wengine ili lifanye kazi. Likizaliwa katikati ya kinyongo, litafia hapo hapo.

Tuliliona jambo la namna hiyo mwaka 2020. Tarehe 15 Machi serikali kuu ilihimiza ofisi na kampuni ziwaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma za lazima. Walioweza kubeba kazi nyumbani walikuwa wachache. Wauguzi, wafagiaji, walinzi na watu wa feri walibaki nje, kwenye hatari. Hakuna ubaya kwamba karani alikaa nyumbani, ilikuwa ni lazima. Lakini mfanyakazi akiona kila mara kwamba nafuu inakwenda juu na hatari inakuja chini, usimwombe ubunifu.

Kwa hiyo mapatano yawe wazi. Sio lazima siri za mtu zitangazwe. Kama ameomba kwa sababu ya ugonjwa au matatizo ya ndoa, hiyo ni siri yake na ilindwe. Kinachopaswa kujulikana ni kwamba mapatano yapo, yanahusu nini, yatapitiwa lini, na kwamba mwingine yeyote anaweza kuomba na kusikilizwa kwa kipimo kile kile.

Haki si mapatano

Kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hulichanganya. Kuna vitu ambavyo huhitaji kuvijadili kwa sababu sheria imekwisha kukupa. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mama anayejifungua ana likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba ana wiki mbili. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi, ukiwemo wa jinsia, ujauzito, dini na ulemavu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa mama kunyonyeshea. Na Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Msimamizi asikuuzie haki yako kama hisani, na wewe usiishukuru kama zawadi.

Mapatano huanza pale haki zinapoishia. Hapo pia sheria inasaidia: Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka masharti ya kazi, zikiwemo saa, yaandikwe, na yakibadilika mfanyakazi ashauriwe na ajulishwe kwa maandishi. Mapatano ya mdomo hufa siku msimamizi anapohamishwa. Nadhani wengi hapa mmeliona hilo.

Nasi watumishi wa umma tuna mzani mmoja zaidi. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka huduma itolewe kwa haraka, kwa ufanisi, bila upendeleo na kwa usawa. Mapatano yoyote yanayomwacha mkazi mbele ya dirisha lililofungwa hayafai, hata yangekuwa mazuri namna gani kwa mfanyakazi.

Namna ya kuomba, namna ya kujibu

Kwa mfanyakazi anayetaka kuomba, andika ukurasa mmoja. Sema unachoomba, kwa nini, na kazi yako itafanyikaje. Sema mwenzako ataathirika vipi na mmekubaliana nini naye. Usiombe saa tu. Ongeza jambo moja ambalo ungependa kulijaribu katika kazi yako ukipata nafasi hiyo. Pendekeza muda wa majaribio, miezi mitatu hivi, kisha mkae mtazame.

Kwa msimamizi anayeombwa, sikiliza kabla ya kusema kanuni hairuhusu. Uliza nani atabeba saa zinazoachwa, na mkazi atapata huduma vile vile au zaidi. Ukikataa, toa sababu. Ukikubali, andika. Ukimwongezea mtu jukumu, mpunguzie jingine. Na majaribio yakishindwa, yasiwe kosa la kumwadhibu mtu, la sivyo hakuna atakayejaribu tena.

Kwa wale wa kibarua niliosema nitawarudia: ninyi hamna dawati la kupeleka ukurasa huo, na mtu mmoja akiomba peke yake getini, kesho haitwi. Nguvu yenu iko katika kuwa pamoja, kwenye chama cha wafanyakazi au kwenye ushirika kama wachongaji walivyofanya. Na msimamizi anayewaajiri kwa siku anaweza kuanza na jambo lisilogharimu hata shilingi, kuwauliza mwisho wa siku ni nini kilichowachelewesha na wangefanyaje tofauti.

Kwa wakazi, mnapokuta meza ya huduma imehamia mtaani kwenu au saa zimebadilika, tuambieni kama imewasaidia au imewasumbua. Peleka maoni kwa ofisi ya kaunti ndogo yako au kwa msimamizi wa wadi. Bila ninyi, ofisi itajipima yenyewe na kujipa alama nzuri.

Ndugu zangu, nimewachukua kutoka bandarini hadi Changamwe, hadi Bombolulu, hadi Ujerumani, mkanivumilia. Sasa ni zamu yenu, nami nimekuja na daftari, niyaandike maswali na malalamiko yenu.